Muntu wa Musée ya Bahari

Nosy Be, 14 Novemba 1976

Yaya Émérence,

Pokea salamu nyingi, wewe na binti yako Élise na watu wote wa avenue yetu pale Kikula. Mimi ni mzima. Homa iliyonishika njiani imekwisha, imeniachia midomo kuchubuka tu. Je, paa la jikoni lilipigiliwa kabla ya mvua? Na Élise, kikohozi kimemtoka?

Kwenye bahasha utaona nimekuandika Citoyenne Kisimba, kama serikali inavyotaka tangu ikataze majina ya kizungu. Humu ndani unabaki Émérence, maana jina lingine sijui kukuita.

Kisiwa hiki ni kidogo, kiko ubavuni mwa Madagascar. Kina joto, na hewa yake inanuka maua ya manukato hata kwenye nguo zilizofuliwa. Tuko wanafunzi wa nchi mbalimbali, sote wa kazi ya uvuvi, na tutakaa hapa mpaka Septemba. Yaya, bahari si Tshangalele. Ziwa letu linakaa mahali pake. Hii inaondoka asubuhi, inaacha mitumbwi kwenye matope, na jioni inarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Karibu na shule yetu kuna musée ya bahari, nyumba wanamoweka samaki ndani ya chupa kubwa na mifupa ya nyangumi, watu waje kutazama. Bado sijaingia. Mwambie Élise kwamba nikienda nitamwandikia kila nitakachoona.

Usinifiche habari za nyumbani, hata zikiwa mbaya.

Ni mimi mdogo wako,
Théodore


Likasi, 19 Desemba 1976

Mudogo wangu Théodore,

Tuko bazima, tunashukuru Mungu. Paa ilipigiliwa. Élise hakohoe tena, sasa anaimba tangu asubuhi mpaka kichwa inaniuma. Mvua ni mingi, samaki ya kukausha ya Kapolowe inafika ku meza yangu ya soko imelowana, bantu habapende kununua. Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena vibaya. Kwa hiyo weye andika paka mambo ya samaki tu. Umesikia?

Kiswahili yako imekuwa ya mapadri kabisa. Lakini nafurahi kuisoma.

Sasa iko neno. Unamujua Georges, ule mekaniki wa ku usine ya shaba, mufupi, mwenye anaimba sauti ya chini mu korali. Bibi yake wa ndoa alikufa, hana mutoto. Tangu mwaka jana anakuja kutengeneza kitu hapa kwangu: leo kufuli, kesho baiskeli, na vitu vyenyewe ni vizima. Mwezi wa kumi aliniambia, "Émérence, nimechoka kutafuta chenye kimevunjika." Nilicheka. Kiisha sikucheka tena.

Baba na mama habako tena. Weye njo mukubwa wa jamaa, hata kama minye nilikupangusa kamasi. Georges anangoja neno yako. Padri alisikiliza mambo ya kifo ya bwana wangu Augustin, akakubali. Mariaje, ile harusi, itakuwa siku ya posho, Jumamosi ya kwanza nyuma ya Pasaka.

Miaka karibu kumi niko mujane, Théodore. Niandikie mbio.

Yaya wako,
Émérence


Nosy Be, 23 Januari 1977

Yaya Émérence,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Élise. Mimi niko salama, chakula ni kizuri, masomo yanaendelea. Nafurahi kwamba kikohozi kimekwisha.

Leo nimekwenda musée. Mwambie Élise haya. Mlangoni kuna taya la papa limening'inizwa, mtu mzima akiinama sana anaweza kupita katikati, na meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu, jino likitoka lingine liko tayari. Ndani kuna chupa nyingi ukutani. Kuna pweza mweupe kama unga wa bukari, nyoka wa maji, samaki mwenye pembe. Kuna mifupa ya nguva, na mikono yake ina vidole vitano kama vyetu, ndani ya ngozi ambamo vidole havionekani. Harufu ya dawa inachoma macho. Wewe, yaya, ungeuliza jambo moja tu: wanaliwa?

Kuna mtu anayewaongoza wageni kwa fimbo. Anaeleza vizuri.

Yaya, nitumie foto ya Élise, ya sasa, si ile ya ubatizo. Tena niambie, aliyekuletea habari ya Augustin mwaka ule alikuwa nani? Alisema ameona nini, kwa maneno gani? Nataka kujua tu, kwa sababu ya mambo ya padri.

Kuhusu lile neno lingine nitakuandikia. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako,
Théodore


Likasi, 27 Februari 1977

Théodore,

Salamu. Tuko bazima. Élise alisoma barua ya papa mara nyingi mpaka karatasi ikaanza kupasuka, na sasa anaogopa kuoga mu beseni.

Minye sikufurahi. Niliandika maneno ya Georges, weye unanijibu pweza. "Lile neno lingine." Georges ni neno lingine? Ananiuliza kila siku ya Mungu nyuma ya misa, "Barua imefika?" Ninasema posta ni mubaya. Ninasema uongo ku mulango ya kanisa juu yako. Kama unamukataa, sema. Kama bantu balikuandikia kitu kibaya juu yake, sema.

Na Augustin, unamuulizia nini? Ni Fidèle mwenye alileta habari, ule rafiki yake. Alisema walikuwa banakimbia kuelekea Angola, bakavuka muto, maji ikamubeba Augustin, yeye Fidèle akaona mukono moja inatoka juu, kiisha haikutoka tena. Fidèle alilia hapa mu salon mpaka mama yake Augustin njo akamutuliza. Nilivaa nguo nyeusi mwaka muzima. Élise alikuwa hajaota jino. Ni ile unataka kujua?

Foto ni hii. Alisimama vizuri, lakini alikataa kucheka.

Ningoje neno gani kwako?

Émérence


Nosy Be, 20 Machi 1977
(kwa mkono wa Sista Clotilde)

Yaya wangu,

Barua hii haipiti posta. Sista Clotilde wa misioni ya Kapolowe alikuwa Antananarivo kwa mafungo, akaja hapa kuwasalimu masista wa kisiwani. Anarudi nyumbani wiki hii na atakupa mkononi. Ukimaliza kusoma, ichome.

Kaa chini kwanza. Augustin yuko hai.

Nimeandika sentensi hiyo na sijui niendelee vipi. Ni yule mtu wa musée, mwenye fimbo. Siku ile nilikuwa na wenzangu wa masomo. Alikuwa mbele yetu na koti la kijivu, ndevu zimemjaa, anachechemea mguu mmoja, anaeleza kwa Kifaransa na kwa lugha ya hapa. Sikumtambua hata kidogo. Halafu mtoto mmoja wa wageni akasukuma chupa ya pweza, ikayumba. Yule mtu akaidaka kwa mikono miwili, na neno likamtoka: "Eh mama, batoto ba leo!"

Yaya, ilikuwa sauti ya Kikula.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Alikuwa anapangusa kioo. Nikamwita, "Shemeji Augustin."

Hakugeuka. Akasema kwa Kifaransa, "Bwana, unanifananisha na mtu."

Nikasema, "Ulinifundisha baiskeli kwenye barabara ya Panda. Nilianguka, ukaniambia nisimwambie Émérence."

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. Ndipo akauliza, bado amenipa mgongo, "Ni Théodore? Théodore mudogo?" Akatafuta sanduku akakaa.

Maji yalimbeba kweli, Fidèle hakusema uongo. Yakamtupa chini zaidi, ng'ambo. Alikaa Angola na wale wenzake wa bunduki, askari wa Katanga walioikimbia serikali, kisha akachoka na vita akawakimbia hao pia. Akapata kazi melini. Akaugua, wakamshusha Majunga, bandari ya huku Madagascar, kama mzigo. Mwanamke mmoja akamuuguza. Ndiye mke wake sasa, na wana watoto wawili wa kiume. Nakuambia yote, sitaki usikie nusu.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika. Akasema, "Barua ingefunguliwa, wangemshika Émérence kwa ajili yangu. Mwaka wa kwanza hiyo ilikuwa kweli." Akakikunja kile kitambaa. "Baadaye ilikuwa rahisi tu."

Akauliza habari za mama yake, nikamwambia alifariki. Akauliza habari zako. Kisha akauliza, "Mutoto ameota meno?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Shemeji, karibu anamaliza miaka kumi." Akajifunika uso na kile kitambaa chenye dawa, macho yakamwasha, akawa analia au anawashwa, sikujua.

Akaniomba jambo moja. "Mwambie nimekufa. Amekwisha kunililia, asinililie tena." Nilitoka bila kumjibu. Ndiyo maana nilikuandikia habari za pweza. Lakini siwezi kukuacha usimame mbele ya altare wakati mimi najua. Na Georges sina neno baya juu yake, ni mtu mwema. Jibu langu lilikuwa ndiyo, kabla sijaingia nyumba ile.

Radio inasema kuna vita huko kwetu. Naogopa usiku na mchana.

Théodore


Telegramu. Nosy Be, 6 Aprili 1977

KISIMBA KIKULA LIKASI. ATTENDEZ MA LETTRE. NE BOUGEZ PAS AVANT. THEODORE.


Likasi, 15 Aprili 1977

Ndugu Théodore,

Tuko hai. Élise iko muzima.

Telegramu yako ilifika. Haikufika kwangu. Ilifika kwanza ku bureau ya usalama, kiisha bantu wawili bakaja kunitwaa ku soko, mbele ya wateja. Unajua hapa ni wakati gani. Vita iko upande wa Kolwezi, treni ya basoda na bunduki inapita kila siku, kila mwenye alikuwa na ndugu mwenye alikimbia Angola anaangaliwa na jicho ingine. Na weye unanitumia kutoka inje: "Ngojeni. Musitoke mbele barua haijafika."

Baliniuliza, "Kungoja nani? Nani asitoke? Barua inaleta nini?" Balinilaza pale siku mbili. Niliwaambia kweli, kwamba nina mariaje na mudogo wangu anataka kwanza kutoa neno yake. Bakasema, "Mariaje gani ya kutumia telegramu mu vita?" Bakauliza na jina ya bwana wangu wa kwanza. Nikasema amekufa. Bakaandika.

Georges alikuja. Alikaa inje ku jua na kofia mu mikono mpaka bakamuita. Alisema njo yeye bwana harusi. Balimuchekelea. Lakini baliniacha.

Kesho ilikuwa siku yetu. Haitakuwa. Padri anasema tungoje utulivu.

Barua gani? Hakuna barua yenye ilifika. Usitume telegramu tena. Nakuomba sana.

Émérence


Likasi, 29 Mei 1977
(kwa mkono wa masista)

Théodore,

Sista Clotilde alikwama Nairobi juu ya vita, ndege hazikuwa zinaingia. Alifika juma iliyopita. Alinipa barua yako mu kapela, akabaki kunishika mabega. Nafikiri alikuwa amekisia. Hii atapitisha kwa masista ya Lusaka, njo naandika wazi.

Niliichoma. Lakini mbele ya kuichoma niliisoma mpaka najua kila neno, na sasa kuchoma hakusaidie.

Tangu Januari ulijua! Weye ulikula, ulilala, ulisoma masomo ya samaki, na minye nilikuwa nashona robe ya harusi. Ukaniomba foto ya mutoto wangu, nikaituma sawa mujinga, nikafikiri ni weye unamutamani. Ni kwa yeye, si vile? Ulimupatia foto ya Élise bila kuniuliza. Nani alikupa ruhusa? Yeye alimuacha hana jino, anapata leo musichana mukubwa mu bahasha, bila kumupikia hata uji siku moja.

Mama yake alikufa anamuita. Minye njo nilimufumba macho.

Niliwaambia bale bantu ya bureau amekufa. Siku ile sikusema uongo. Leo kama wananiita tena na kuniuliza, uso yangu itasema nini? Nikienda kwa padri, mariaje inavunjika na padri anataka kujua kwa nini. Nikimwambia Georges, na Georges akasema neno moja ku usine, nyumba hii inaingiliwa. Nikinyamaza, ninasimama mbele ya Mungu na bwana wawili. Usiku nasikia gari, nafikiri ni bale ba bureau. Niko napanga samaki ku meza, napangua, napanga tena, bantu banauliza kama niko na malaria.

Muulize anataka nini. Hapana, usimuulize. Sijui.

Minye nilikwisha kumuzika, Théodore. Sasa nifanye nini na muntu mwenye anapangusa vioo?

Émérence


Nosy Be, 26 Juni 1977
(kwa mkono wa masista)

Yaya Émérence,

Barua yako nimeipata. Salamu zangu sizijui nizitume kwa uso gani. Kuhusu telegramu, zile siku mbili ulizolala pale ni juu yangu. Niliogopa ndoa, sikuogopa vita. Nilikosa akili.

Foto nilikuwa nimempa tayari, yaya, mwezi wa nne. Ni kweli, sikukuuliza. Aliitazama dirishani. Akasema, "Amekataa kucheka. Ni Émérence kabisa." Aliporudi nyumbani mke wake aliiona mfukoni, akauliza ni nani. Alimwambia yote jioni hiyohiyo. Mke alihama akaenda kwa dada yake na wale watoto, akakaa huko, kisha akarudi. Alikuja musée kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta ugonjwa. Hakunitukana. Alisema kwa Kifaransa kibovu, "Mwambie dada yako mimi sikumwiba. Nilimwokota."

Augustin anasema atafanya utakalo. Ukitaka akiri mbele ya padri wa hapa ili mambo yaende kwa maaskofu kimya, atakiri. Ukitaka abaki amekufa, atabaki. Kurudi hawezi, wangemuua uwanja wa ndege, na safari hii hata mimi nilimwamini. Nilimwuliza kama ana neno lake mwenyewe kwako. Alisimama chini ya lile taya la papa, wageni wanangoja, fimbo mkononi. Akasema, "Mimi sina haki ya neno." Akaenda kuwaeleza wageni habari za meno.

Sirudi tena nyumba ile bila wewe kuniambia.

Mdogo wako,
Théodore


Likasi, 14 Agosti 1977
(kwa mkono wa masista)

Mudogo wangu Théodore,

Pokea salamu. Sasa ni baridi, asubuhi tunaota moto. Batoto beko mu vakansi, masomo imefungwa, Élise alifika wa tatu mu darasa, hesabu ilimuangusha. Vita imekwisha, banasema, lakini bale bantu wawili bangali wanapita ku soko. Moja ananunua samaki kwangu. Ninamuwekea mizuri.

Sikukutumia majibu mbio juu ya kwanza nilitaka niseme na Georges. Nilingoja siku alikuwa anatengeneza pompi mu lupango ya nyumba, kweli ilikuwa imeharibika safari hii. Nilimwambia yote, polepole, na maji inakimbia ili jirani asisikie. Alibaki na ufunguo ya kufungulia pompi mu mukono.

"Unamutaka?" akauliza.

"Nani?"

"Yeye."

Nikasema, "Nataka kumupiga."

Alicheka kidogo. Kiisha alifunga pompi, akaosha mikono, akaenda. Hakukuja siku ile ingine wala juma ile. Ku korali mahali yake ilikuwa wazi. Théodore, niliogopa sawa sijaogopa hata ku bureau. Nilitengeneza kifurushi ya nguo ya Élise, nikaiweka nyuma ya mulango, ili kama banakuja, jirani amutwae kwa Sista Clotilde.

Siku ya posho akarudi. Alisimama ku mulango, hakutaka kiti. "Nilienda kwa padri," akasema. Nilitazama kile kifurushi nyuma ya mulango. Akaendelea: "Nilimwambia minye siko tayari. Nilimwambia mariaje isimame, ni shauri yangu, weye hauna kosa. Alinigombeza sana. Hatakuuliza kitu."

Sasa Kikula muzima inasema Georges alinikimbia. Bamama ku soko bananionea huruma, bananipa tomate ya bure. Yeye banamutukana ku usine na hasemi kitu. Na jioni anakuja vilevile, anakaa inje na minye mpaka giza. Hatujui tutakuwa nini. Ukirudi tutakaa batatu tuseme.

Augustin, mwambie asikiri kwa muntu. Abaki penye iko. Mwambie mama yake alizikwa Kapolowe, upande wa misioni, mahali pazuri. Foto asirudishe. Na ule mwanamuke, mwambie nimesikia neno yake.

Kitu ingine nilifanya, na labda utanigombeza. Nilimwambia Élise. Kila jioni alikuwa anamuombea baba yake pumziko ya milele, na minye niko karibu yake, najua si kweli. Siwezi kumufanya mutoto aombee muntu muzima sawa maiti. Nilimuapisha asiseme hata kwa ukuta. Alisikiliza yote, hakulia. Akauliza paka neno moja tu: "Basi ku sala nimuweke wapi?"

Tangu ile siku, kila akichelewa kurudi, nasimama ku njia, nafikiri amesema, nafikiri banamuuliza.

Jana alipiga magoti sawa siku zote. Alitaja bafu, bale benye balikufa: baba yangu, mama yangu, mama yake Augustin. Akanyamaza. Nilifikiri amemusahau, au amekasirika. Kiisha akaanza kuombea benye beko mu safari. Alikutaja weye. Na nyuma yako, polepole, sauti ya chini, sawa muntu mwenye anajaribu maji na mukono, akasema, "na baba."

Minye niliitika Amina.

Rudi vizuri, mudogo wangu.

Yaya wako,
Émérence